Muulizeni Kinyonga wa Mbwemkuru

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo! Kwa kawaida tunaendelea: uongo njoo, utamu kolea. Leo uongo uwe mmoja tu. Kinyonga wetu atasema Kiswahili. Huo ndio uongo. Atakayoyasema ni kweli, hata yale yatakayowafanya mseme, "Mjomba, acha zako!"

Nani amewahi kumwona kinyonga? Naona mikono yote iko juu. Nani amewahi kumshika? Mikono imeshuka. Nilijua.

Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa kinyonga yupo. Yupo kwenye mikorosho. Yupo kwenye mbaazi. Yupo kwenye kile kichaka nyuma ya choo. Mvua zikianza kukatika, utamkuta anavuka njia zinazoshuka bonde la Mbwemkuru. Hatua moja, anasita. Hatua nyingine, anasita. Na kila anapoonekana, mkubwa anaruka pembeni na mtoto anaokota jiwe.

Jiwe la nini? Hana sumu. Hana mbio. Akikuuma atakufinya tu, nawe utalia kwa woga kuliko kwa maumivu. Sasa mnamwogopea nini?

"Mjomba, anabadilika rangi! Akikanyaga chekundu, anakuwa mwekundu. Akikanyaga cheupe, anakuwa mweupe. Mtu wa hivyo utamwaminije?"

Haya, mpwa wangu, umesema vizuri. Umetaja unachokiogopa, na aliyetaja anachokiogopa amekwisha anza kukichunguza. Ila tusimsengenye mwenzetu akiwa mbali. Twende tukamuulize mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua za mwisho mwisho. Bibi Kinyonga alikuwa anashuka kwenye mkorosho. Tumbo lake lilijaa mayai. Alikuwa anatafuta udongo laini. Mara watoto hao, wamemzunguka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Nipisheni njia."

"Tuna swali kwanza. Ni kweli ukikanyaga chekundu unakuwa mwekundu?"

"Leteni hicho chekundu."

Wakaleta kanga nyekundu ya mama. Mama hakuombwa ruhusa, na hilo lina siku yake. Bibi Kinyonga akaweka mguu wa kwanza. Akaweka wa pili. Watoto wakangoja. Wakangoja sana. Bado kijani! Wakaleta sketi ya shule ya buluu. Kijani! Wakaleta mfuko mweupe wa sembe. Kijani vilevile, ila sasa madoa meusi yalikuwa yametokea ubavuni.

"Mbona hubadiliki, bibi?"

"Nimebadilika. Ninyi ndio hamkusoma. Hayo madoa meusi ni maneno yangu. Nimesema hivi: nimeudhika, niondokeeni."

Watoto wakarudi nyuma hatua mbili. Walisikia sasa.

Mmeona? Kinyonga haigi kitambaa. Rangi yake ni kauli yake. Dume akimwona dume mwenzake kwenye mti, wote wawili hujipaka rangi kali, hujivimbisha, kila mmoja akitaka aonekane mkubwa. Mmoja akiona amezidiwa, rangi yake hufifia. Maana yake: yaishe, naondoka. Hakuna aliyetoka damu. Kwa vinyonga wengi, jike mwenye mayai naye huwa na rangi zake za kumwambia dume apite zake. Mwaka 2008 walitoka watafiti waliowachunguza vinyonga wadogo wa Afrika Kusini. Walitaka kujua kwa nini aina nyingine hubadilika sana na nyingine kidogo. Jibu walilolipata ni kwamba aina inayobadilika sana ndiyo yenye maneno makali ya kuambiana. Wingi wa rangi za majani na udongo wa kwao haukuwa sababu.

"Kwa hiyo hajifichi kabisa?"

Anajificha, mpwa wangu. Lakini hajifichi kwa kuiga kila anachokanyaga. Akitulia, rangi yake ya kawaida ni kijani au kahawia, na yeye anaishi kwenye majani na matawi. Amezaliwa akiwa amekwisha jificha! Kisha ana ule mwendo wake wa kuyumba, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Watu wanamcheka. Wanasema kazi ikichelewa imekwenda mwendo wa kinyonga. Lakini jani likipulizwa na upepo huendaje? Si mbele, nyuma, mbele, nyuma? Ndege anayepita juu anaona jani linatikisika, anakwenda zake.

Na kuna jambo jingine la rangi, nalo ni joto. Kinyonga hana moto ndani ya mwili kama wewe. Joto analipata juani. Asubuhi ya baridi, kama zile za mwezi wa saba, hujitia rangi nyeusi nyeusi na kulielekezea jua ubavu wake. Rangi nyeusi inakamata joto. Mchana jua likiwa kali anapauka, joto limpite. Usiku akilala ncha ya tawi huwa mweupe mweupe kabisa. Ndiyo maana watafiti wa vinyonga hutoka usiku na tochi. Mchana unaweza kupita chini ya mti wenye vinyonga usimwone hata mmoja. Usiku ukimulika, huyo hapo, anang'aa.

"Mjomba, hizo rangi zinatoka wapi? Ana ndoo za rangi tumboni?"

Ha! Swali hilo liliwasumbua wataalamu miaka mingi, na wewe umeliuliza kabla hujamaliza muhogo wako. Safi sana.

Nenda kwenye beseni la kufulia. Piga povu. Lishike juani. Utaona nini? Buluu, zambarau, kijani, njano. Sasa niambie, maji yana rangi hizo? Hayana. Sabuni yako ina rangi zote hizo? Haina. Rangi umezipata kwa sababu ngozi ya povu ni nyembamba mno, na mwanga ukiingia na kutoka unagawanyika. Povu likiwa nene kidogo unaona rangi hii. Likiwa jembamba zaidi unaona rangi ile.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walichungulia ngozi ya aina moja ya kinyonga wa Madagaska kwa darubini kali. Wakakuta ndani ya chembe za ngozi kumepangwa vipande vidogo sana vya fuwele, safu kwa safu. Vidogo kiasi kwamba jicho lako halitaviona kamwe bila chombo. Kinyonga akiwa ametulia, fuwele zinakaribiana, na mwanga unaorudi ni wa buluu. Juu yake kuna rangi ya njano iliyo ndani ya ngozi. Buluu na njano zikikutana unapata nini? Kijani, ndiyo! Akisisimka, fuwele zinaachana. Sasa mwanga unaorudi ni wa njano, wa chungwa, hata mwekundu. Hakuna ndoo. Ni nafasi tu kati ya kitu na kitu. Madoa meusi peke yake yana habari nyingine: hayo ni rangi nyeusi halisi, inayotandazwa au kukusanywa ndani ya ngozi.

Watoto walimgeukia Bibi Kinyonga.

"Bibi, unaweza kuwa na maua maua kama kanga?"

"Siwezi. Nina rangi nilizopewa. Sina rangi zote za duniani, na sizihitaji."

Kumbukeni neno hilo. Watu wengi wanadhani kinyonga anaweza kuwa chochote. Hawezi.

Sasa tumwangalie macho. Jicho moja linatazama mbele, jicho jingine linatazama nyuma. Kila jicho lina safari yake. Mtoto mmoja alijaribu kufanya hivyo, akaishia kuumwa kichwa. Kinyonga hageuzi shingo hovyo hovyo, kwa hiyo adui haoni kitu kinachotikisika. Lakini akiona panzi, macho yote mawili yanarudi mbele na kumkazia yule mmoja. Hapo anapima umbali. Na panzi hana habari.

Chunguza na miguu. Vidole vitano vimegawanywa mafungu mawili, vitatu upande huu na viwili upande ule, vinabana tawi kama koleo. Mkia nao unajizungusha. Kinyonga anapotaka kupiga hatua, haachii miguu yote pamoja. Mingine imeshika. Watoto walimuuliza siri ya mwendo huo, akawaambia kwa maneno matatu:

"Nashika. Natazama. Nasogea."

"Basi?"

"Basi. Nashika. Natazama. Nasogea."

"Lakini mjomba, mtu mwenye mwendo huo atakamataje panzi?"

Aaa, hapo sasa! Mguu wake ni wa polepole, ila ulimi wake sivyo. Nani ana manati? Usiifiche, nimeiona mfukoni. Unapovuta mpira wa manati, kazi unaifanya taratibu. Unapoachia, jiwe linakwenda mbio kuliko mkono wako unavyoweza kulirusha. Ulimi wa kinyonga ni hivyo hivyo. Ndani yake kuna mfupa mwembamba. Kuuzunguka mfupa kuna nyuzi zinazovutika, na nje ya nyuzi kuna msuli. Msuli unabana, nyuzi zinavutika. Kisha vyote vinateleza kwenye ncha ya mfupa, fyaa! Mdudu amenasa. Ncha ya ulimi ina mate mazito sana. Mwaka 2016 yalipimwa, ikaonekana mate hayo ni mazito mara 400 kuliko yako.

Na nani bingwa wa ulimi? Mtaniambia yule mkubwa kuliko wote. Sivyo. Mwaka huohuo wa 2016 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani, Christopher Anderson, alitangaza matokeo ya kuwapima vinyonga wa aina 20. Aliyeshinda ni mdogo kabisa, na ni Mtanzania mwenzetu. Kwao ni milima ya Usambara, Tanga. Ulimi wake unafika mara mbili na nusu ya urefu wa mwili wake. Unaondoka kwa nguvu kiasi kwamba, kama ungeendelea kuongeza kasi hivyo, ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde ungefikia kilomita 90 kwa saa. Huyo ndiye kiumbe anayetukanwa kwa uzembe.

Nchi yetu ina utajiri wa vinyonga, na wengine bado wanagunduliwa. Mwaka 2009 aina mpya ilipewa jina la msitu wa Magombera, huko Kilombero. Mnajua ilipatikanaje? Mtafiti alikuwa anachunguza kima. Akamshtua nyoka aliyekuwa anakula. Nyoka akaacha chakula akakimbia, na chakula chenyewe kilikuwa kinyonga ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika. Na sisi huku kusini, mbali na huyu mkubwa wa kijani wa mikoroshoni, tuna vinyonga wadogo wa kahawia wanaoishi chini, kwenye majani makavu. Kila mmoja ni mfupi kama kidole, mkia mfupi, mistari mwilini kama ya jani. Huyo habadiliki sana. Ana haja gani? Amekwisha kuwa jani.

"Mjomba, kinyonga ni mtoto wa yule mjusi mkubwa wa Tendaguru?"

Nilijua litakuja! Ukikulia huku, swali hilo halikwepeki. Tendaguru ni kilima kisicho mbali na mto wetu Mbwemkuru, upande wa kuelekea Lindi. Tangu mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa mikubwa ajabu. Wachimbaji hasa walikuwa babu zetu. Msimamizi wao mmoja, Boheti bin Amrani, jina lake limo katika vitabu mpaka leo. Mifupa ilibebwa vichwani hadi Lindi, ikapandishwa meli, na dinosaria mmoja amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin. Kimo chake kinapita mita 13. Nyumba juu ya nyumba, juu ya nyumba.

Lakini kinyonga si mtoto wake. Yule tunamwita mjusi kwa mazoea tu. Aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Kinyonga ni mjusi wa kweli, ukoo wake ni mwingine. Jamaa wa karibu wa wale wa Tendaguru waliobaki duniani ni ndege. Ndiyo, hata yule kuku wa bibi yako. Mwangalie miguu leo jioni, utaniambia.

Sasa niwape hadithi ya wazee. Hii siwaambii ni kweli. Ni ya Wayao, majirani zetu na ndugu zetu, ambao wako huku na ng'ambo ya Ruvuma, na imeandikwa vitabuni tangu karne ya 19.

Zamani za kale hapakuwa na watu. Palikuwa na Mulungu na wanyama. Kinyonga alikuwa msusi wa migono ya kuvulia samaki. Akasuka mgono, akautega mtoni. Asubuhi akaenda. Samaki! Akala. Siku nyingine akaenda, akakuta fisi maji ameingia na kumaliza samaki wote. Siku nyingine tena akaenda. Akachungulia. Ndani ya mgono kulikuwa na viumbe wawili asiowajua, mwanamume na mwanamke.

Kinyonga hakuwala. Hakuwatupa. Alikwenda kwa Mulungu akauliza, "Hawa niwafanyeje?" Mulungu akasema, "Waweke chini, watakua." Wakakua. Wanyama wote wakawatazama. Siku moja watu wale wakapekecha vijiti viwili, moto ukatoka. Wakachoma pori. Wakaua nyati, wakambanika. Wanyama wakakimbia kila mmoja upande wake. Mulungu mwenyewe akaondoka duniani, akapanda juu kwa uzi wa buibui. Na kinyonga? Hakuweza kukimbia. Alipanda mti.

"Kumbe sisi tumeletwa na kinyonga, halafu tukamchomea pori lake!"

Wewe ndiye uliyesema, si mimi. Makabila mengi ya Afrika yana hadithi nyingine, ile ya kinyonga aliyetumwa kuwaambia watu kwamba hawatakufa, akachelewa njiani, mjusi akafika mbele yake na habari ya kifo. Hiyo ndiyo iliyomponza. Mawe mengi anayopigwa yanatoka humo. Mimi naipenda zaidi ile ya Wayao. Ndani yake kinyonga anauliza kabla ya kutenda.

Turudi kwenye kubadilika. Kuna kubadilika kwa dakika moja, huko mmekuona. Kuna na kubadilika kwa vizazi. Mwaka 1972 vinyonga 36 wenye pembe tatu walichukuliwa Kenya wakapelekwa visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari kubwa, wauzwe wafugwe. Walifika wamedhoofika. Wakaachiwa bustanini wapate nguvu. Wakapata nguvu kweli, wakaenda zao, wakazaana. Kenya kuna nyoka na ndege wengi wanaowinda vinyonga. Hawaii wawindaji hao ni wachache mno. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba vinyonga wa Hawaii sasa wanaonyesha rangi kali kuliko ndugu zao wa Kenya. Ndugu wa Kenya akizidisha kung'aa, ataliwa. Wa Hawaii hana wa kumla, basi anajionyesha. Hakuna aliyewafundisha. Mtoto baada ya mtoto, mahali pamewageuza.

"Na watu je, mjomba? Watu nao hubadilika hivyo?"

Watu tuna kichwa, kwa hiyo hatuna haja ya kungoja vizazi hamsini. Lakini kichwa chenyewe lazima kitumike. Niwape kisa cha hapahapa Nachingwea, cha wageni waliokuja bila kutazama.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kupikia. Serikali yao ikapata wazo: tukalime karanga Tanganyika. Mwaka 1946 wakatuma wataalamu kuangalia nchi. Waliangalia wiki chache tu, na sehemu yake kutoka ndani ya ndege. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Walikusudia kulima mamilioni ya ekari, Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Yakaja matrekta. Yakaja mabuldoza. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikaletwa mpaka Nachingwea. Miombo ikaangushwa.

Halafu? Mizizi ikavunja majembe. Mashine zikafa, vipuri viko mbali. Kongwa, mvua ilipokatika, udongo ulikauka ukawa kama sakafu, karanga zikakwama humo. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Hasara ilifika pauni milioni 36 za wakati ule. Baadaye hata reli ilifungwa.

Karanga zilikuwa na kosa? Hapana. Bibi zenu wanalima karanga mpaka leo, kipande kidogo, kwa mvua wanayoijua. Wale waheshimiwa walisogea kwanza, wakatazama baadaye, na hawakuwa wameshika chochote.

Ila msidhani mambo yaliishia hapo. Mahali napo hujua kubadilika. Mji wa Nachingwea ulikua kwa sababu ya mpango ule. Shamba mojawapo lililoachwa lilipata kazi ambayo Mwingereza hakuiota. Kuanzia miaka ya 1960 palikuwa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na Samora Machel alikuwa miongoni mwa viongozi wao hapo. Mwaka 1975 Msumbiji ikawa huru.

Na ule mkorosho aliokuwa anashuka Bibi Kinyonga? Huo nao ni mgeni. Asili yake ni Brazili, ukaletwa pwani yetu na Wareno karne nyingi zilizopita. Ulipokuta udongo wa kichanga na kiangazi kirefu, ulitulia. Sasa mahitaji yako ya shule yanatoka kwake, na mtu akikuambia mkorosho si mti wa kwetu utamcheka.

Kwa hiyo mimi nina ugomvi na watu wazima. Mwanasiasa akihama chama leo, kesho akirudi, wanasema, "Huyo ni kinyonga." Si kweli! Wanamwonea kinyonga. Kinyonga akikasirika utaona amekasirika. Akiogopa utaona ameogopa. Hana rangi ya kumdanganya rafiki yake. Na hata akibadilika rangi mara kumi kwa siku, tawi ameshika. Watafutieni wale watu mnyama mwingine wa kuwatukania.

Watoto walikuwa wamechoka kuuliza. Bibi Kinyonga hakuwa amechoka kungoja, kungoja ndiyo kazi yake. Wakampisha. Akaufikia udongo laini pembeni mwa shamba la mbaazi. Akachimba kwa miguu ya mbele, akasukuma udongo kwa ya nyuma. Alichimba saa nyingi. Akataga mayai yake, zaidi ya ishirini, akayafukia, akapigapiga udongo, akaondoka. Halei. Mayai yatakaa ardhini miezi mingi, kiangazi chote, mpaka mvua mpya zilainishe udongo na wadudu wadogo wawe wengi. Hapo vitoto vitatoka vyenyewe, kila kimoja na macho yake mawili yanayozunguka na ulimi ulio tayari.

"Mjomba, kuna kitu kinyonga asichokiweza?"

Kipo. Moto. Rangi haizimi moto, na mwendo wake haukimbii moto. Kila kiangazi pori letu linaungua. Mtu anasafisha shamba, anawasha, upepo unapita, moto unaingia miomboni. Mwingine anawasha ili kumtoa sungura. Mayai yaliyofukiwa vizuri yanaweza kupona moto ukipita upesi juu yake. Aliye kwenye kichaka hatapona.

Basi nina maombi kwenu. Baba na mama wakisafisha shamba mwaka huu, mwaombe wakate kwanza njia ya moto kuzunguka shamba, na wasiwashe siku ya upepo. Wakikuuliza umejifunza wapi, sema mjomba kasema. Na ukimkuta kinyonga anavuka barabara ya bodaboda, acha jiwe. Mwekee kijiti mbele, atakishika mwenyewe. Usimvute mkia, maana ukikatika hauoti tena kama wa mjusi. Mpeleke upande aliokuwa anauelekea. Ukimrudisha alikotoka, ataanza safari yake upya.